Lenzi Ndani ya Jicho: Namba za Kutunza kwa Miaka Kumi na Zaidi

Siku ya kuruhusiwa hospitalini utapewa kadi ndogo inayoenea kwenye pochi kama kitambulisho. Usiitie mfukoni kabla hujaisoma. Ina jina lako, tarehe ya upasuaji, na stika ya kila jicho. OD ni jicho la kulia na OS ni la kushoto. Ni vifupisho vya Kilatini vinavyotumiwa na madaktari wa macho wa nchi nyingi. Kisha utaona mfululizo wa herufi na namba, kwa mfano VTICMO 13.2. Herufi T inaonyesha kwamba lenzi inarekebisha na astigmatizimu, na 13.2 ni urefu wake kwa milimita. Inayofuata ni nguvu ya lenzi, tuseme -11.50, halafu silinda, yaani kiasi cha astigmatizimu kinachorekebishwa, na mhimili wake, na mwisho namba ya usajili ya lenzi hiyo moja peke yake.

Binamu yangu aliwekewa lenzi hizi nje ya nchi, macho yote mawili. Alikuwa na mainasi 12. Alirudi akisoma vibao vya daladala kutoka ng'ambo ya barabara, na kwa furaha hiyo hakukanyaga tena kliniki ya macho. Kadi ikafuliwa pamoja na suruali. Mwaka wa tatu jicho la kushoto likaanza kuona ukungu nyakati za jioni, akaenda kliniki ya karibu na nyumbani. Daktari akamtazama kwa darubini, akanyamaza kidogo, akauliza: "Kaka, hii ni lenzi gani, na saizi yake ngapi? Walikuachia mwanya wa kiasi gani?" Hakuwa na jibu hata moja. Huko alikofanyiwa aliandika barua pepe tatu bila kujibiwa, na faili lilipatikana baada ya miezi minne. Kumbe ukungu ule ulitokana na ukavu wa macho tu. Miezi minne aliyolala akiamini anapofuka ingekuwa siku moja, kama angekuwa na namba mbili zimeandikwa kwenye daftari la shule.

Namwandikia yule anayefikiria kuwekewa lenzi hizi na yule aliyekwisha kuwekewa. Matokeo ya wiki ya kwanza karibu kila mtu anayajua, kwa sababu ndiyo yanayotangazwa: mtu anaamka, anaitazama saa ukutani, machozi yanamtoka. Mimi nataka tuzungumze mwaka wa tano, wa kumi na wa ishirini. Huko jicho litategemea vipimo vichache vinavyorudiwa kila mwaka na kulinganishwa na vya nyuma. Hapa kwetu, ambapo mtu hupasuliwa mji mmoja na kuishi mji mwingine, wa kuvibeba vipimo hivyo ni wewe mwenyewe.

Kilichowekwa humo ndani

Jicho la mtu asiyeona mbali kwa kawaida ni refu kupita kiasi. La kawaida kwa mtu mzima lina karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma, na kila milimita inayozidi huleta takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3 za mainasi. Picha inaangukia mbele ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, badala ya kutua juu yake. Astigmatizimu ni jambo jingine: konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ikafanana na mgongo wa kijiko badala ya mpira.

Leza hurekebisha kasoro hizi kwa kuchonga konea. Kwa mwenye mainasi 10, au mwenye konea nyembamba, hakuna nyama ya kutosha kuchongwa kwa usalama. Lenzi ya kupandikiza haichongi kitu. Hukunjwa kama mkeka ndani ya bomba jembamba, ikaingizwa kupitia mpasuo wa karibu milimita 3 pembeni mwa konea, kisha ikajikunjua yenyewe taratibu kwenye maji ya jicho. Daktari huzisukuma pembe zake nne, moja baada ya nyingine, zikaingia nyuma ya iris, ule mviringo wenye rangi. Lenzi yako ya kuzaliwa inabaki palepale, nyuma ya hiyo mpya. Hapo ndipo yalipo mazuri ya upasuaji huu, na ndipo yalipo mashaka yake.

Iliyoenea zaidi inaitwa ICL, ya kampuni ya STAAR Surgical ya Marekani. Jicho la kwanza la binadamu lilipokea ICL mwaka 1993. Marekani iliidhinisha ile ya mainasi Desemba 2005, na ya astigmatizimu mwaka 2018. Toleo lenye tundu dogo katikati lilianza kutumika Ulaya mwaka 2011 na kuidhinishwa Marekani Machi 2022. Ziko pia lenzi zinazobana iris kwa mbele kama vibanio vya nguo, wazo la Jan Worst, daktari wa Uholanzi. Za zamani zaidi, zilizoegemea kwenye pembe ya mbele ya jicho, zilijaribiwa tangu miaka ya 1950 na nyingi zikaja kutolewa kwa sababu ziliiharibu konea. Kwa hiyo mtu akikuambia tu kwamba "lenzi za ndani ya jicho" zina sifa nzuri au mbaya, muulize ni zipi.

Kwa msomaji Muislamu kuna jambo la kujua mapema. ICL inatengenezwa kwa plastiki laini iitwayo Collamer, na ndani yake kuna kiasi kidogo cha kolajeni itokanayo na nguruwe. Nimeona watu wakiligundua hili baada ya upasuaji, na dhiki waliyoipata ilikuwa ya bure kabisa. Muulize daktari, muulize na sheikh unayemwamini, ukiwa bado hujalipa. Zipo lenzi za akriliki zisizo na kolajeni, zikiwemo zinazotengenezwa India, na lenzi ya kubana iris nayo hutengenezwa kwa plastiki nyingine. Kila moja ina historia yake ya ufuatiliaji, na si ndefu sawa.

Uoni wenyewe

Hapa habari ni njema na sina haja ya kuizungusha. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miaka minane, kumi na hata kumi na miwili zinaonyesha kwamba walio wengi bado wanaona vizuri bila miwani, au kwa miwani myepesi. Wenye mainasi kubwa mara nyingi husoma ubao wa herufi mstari mmoja au miwili chini ya walipowahi kufika na miwani yao bora. Sababu inaeleweka: kioo kizito cha mainasi kinachokaa nje ya jicho hupunguza ukubwa wa kila kitu, na ndiyo maana hata macho ya mvaaji huonekana madogo nyuma yake. Lenzi iliyo ndani ya jicho haipunguzi hivyo.

Mainasi kidogo inaweza kurudi. Lenzi haijachoka, jicho lenye mainasi kubwa linaweza kuendelea kurefuka polepole hata ukubwani. Mtu aliyeachwa kwenye sifuri akiwa na miaka 25 anaweza kujikuta na mainasi 0.75 akifika 37, akahitaji miwani ya kuendeshea gari usiku. Usihesabu hilo kuwa kushindwa.

Na ukivuka miaka 40 hivi, miwani ya kusomea itakuja kwako kama inavyomjia jirani yako ambaye hakuwahi kuwa na tatizo la macho. Watu wenye mainasi wamezoea kuvua miwani na kusoma maandishi madogo puani kabisa. Mshonaji, sonara, fundi simu, yeyote anayeishi kwa kazi ya karibu, alipime hili kwa uzito wake. Ukifanyiwa ukiwa na miaka 41, ule uwezo wa kuvua miwani na kutunga uzi kwenye sindano unaondoka siku hiyohiyo.

Usiku, wengi huona duara za mwanga kuzunguka taa. Nyingine zinatokana na ukingo wa lenzi, nyingine na lile tundu la katikati. Kwa wengi ubongo huzizoea ndani ya miezi. Wachache hubaki nazo, hasa wenye mboni zinazofunguka sana gizani. Kama kazi yako ni udereva wa basi la usiku na malori yanakujia kwa taa kali kutoka Chalinze, mwambie daktari apime upana wa mboni yako gizani na akuonyeshe upana wa sehemu ya lenzi inayoonea.

Mwanya

Ukijifunza neno moja tu la kitaalamu kwenye habari hii, liwe hili. Mwanya ni nafasi kati ya mgongo wa lenzi iliyopandikizwa na uso wa lenzi yako ya asili. Hupimwa kwa mikroni, ambazo 1,000 hufanya milimita moja. Madaktari wengi hupenda uwe kati ya 250 na 750.

Ukiwa mdogo sana, lenzi mpya inaikaribia ya zamani hadi kuigusa, au inazuia maji ya jicho kuilisha. Lenzi ya asili huanza kufifia kwa mbele, na huo ndio mwanzo wa mtoto wa jicho. Ukiwa mkubwa sana, lenzi inaisukuma iris mbele, pembe ya kutolea maji inabanwa, na presha ya jicho inaweza kupanda. Ndiyo maana saizi ni muhimu kuliko karibu kila kitu kingine, na ziko nne tu: 12.1, 12.6, 13.2 na 13.7. Daktari huchagua kwa kupima upana wa jicho lako, na vipimo vya nje havisemi kila mara ukweli wa ndani. Hospitali yenye kipimo cha mawimbi ya sauti au cha mwanga cha sehemu ya mbele ya jicho ina nafasi nzuri zaidi ya kupata saizi sahihi mara ya kwanza.

Wagonjwa wa Lausanne, Uswisi, walitufundisha mengi kuhusu hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia macho 133 yaliyowekewa toleo la zamani, lisilo na tundu. Baada ya miaka 10, zaidi ya nusu ya macho hayo, asilimia 54.8, yalikuwa na ufifi fulani kwenye lenzi ya asili, na asilimia 18.3 yalikuwa yameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wenye mwanya mdogo ndio walioumia zaidi. Huko Marekani, ufuatiliaji wa miaka michache uliofanywa kabla ya hapo ulikuwa umetoa picha nyepesi: ufifi kwa asilimia 6 hadi 7 ya macho, na mtoto wa jicho wa kusumbua kwa asilimia 1 au 2 tu. Sioni kwamba tafiti hizo zinapingana. Aliyetazama muda mrefu zaidi aliona zaidi, na umri na ukubwa wa mainasi ya wagonjwa una uzito wake.

Tundu la katikati lilikuja kujibu tatizo hilo. Lina upana wa milimita 0.36, na wazo lake linahusishwa na Kimiya Shimizu, daktari wa Japani. Maji ya jicho hupita humo moja kwa moja, yakaendelea kuilisha lenzi ya asili na kutoka kwenda mbele bila kukwama. Zamani ilibidi leza itoboe matundu mawili kwenye iris kabla ya upasuaji. Siku hizi hatua hiyo imeondoka. Tangu tundu lije, taarifa za mtoto wa jicho anayesababishwa na lenzi zimekuwa chache mno. Mimi nalihesabu kuwa badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya lenzi hizi. Hata hivyo toleo hili limetumika tangu 2011 tu, na kijana wa miaka 22 anayewekewa leo ana miaka hamsini ya kuishi nalo. Pia lenzi ya asili huongezeka unene kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo mwanya wa mikroni 300 leo hautakuwa 300 ukifika miaka 45. Upimwe kila mwaka.

Hata kliniki isiyo na mashine ya gharama inaweza kuukadiria. Daktari akikuweka kidevu kwenye darubini ya kliniki na kuelekeza mwanga mwembamba pembeni mwa jicho, anaona tabaka zote kwa mkato mmoja: konea iking'aa mbele, lenzi iliyopandikizwa, pengo jeusi, halafu lenzi ya asili. Konea ina unene wa karibu mikroni 500 hadi 550 katikati. Akilinganisha pengo lile jeusi na unene wa konea, anapata makadirio: nusu ya konea, sawa na konea, konea moja na nusu. Mwombe aandike hivyo hivyo. "Mwanya ni sawa na konea" ni taarifa inayomsaidia daktari wa mwakani.

Seli zisizozaliwa upya

Nyuma ya konea kuna tabaka moja la seli zinazofyonza maji na kuifanya konea iwe angavu. Mtu mzima ana karibu 2,500 kwa kila milimita ya mraba. Zikifa hazizaliwi nyingine. Jirani zao hupanuka kuziba nafasi. Zikishuka mno, kufikia mamia machache, konea huvimba na kuwa na ukungu, na hapo dawa huwa ni kupandikizwa konea ya mtu mwingine.

Kila mtu hupoteza takriban asilimia 0.6 kwa mwaka kwa umri tu. Upasuaji nao huchukua sehemu yake. Utafiti wa Hispania wa miaka 12, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta upungufu wa asilimia 6.46 mwaka wa kwanza, kisha karibu asilimia 1.2 kila mwaka. Chukua mtu aliyeanza na seli 2,700: baada ya miaka 12 kwa mwendo huo angebaki na karibu 2,170, akiba nzuri. Aliyeanza na 1,900 ana hesabu nyingine kabisa, hasa akikumbuka kwamba siku moja atahitaji upasuaji wa mtoto wa jicho, nao unachukua seli zake pia. Lenzi za kubana iris zinakaa karibu zaidi na konea, na kwa hizo kipimo hiki hakiachwi hata mwaka mmoja.

Usikubali kufanyiwa upasuaji bila seli zako kuhesabiwa kwanza. Mashine yake haipo kila mahali, na huenda ukalazimika kusafiri. Safiri.

Lenzi inapozunguka

Mwenye astigmatizimu ana jambo moja la ziada. Lenzi yake ina upande; lazima ikae kwenye mhimili wake. Kabla ya upasuaji daktari atakukalisha wima na kuweka alama za wino kwenye ukingo wa jicho. Anafanya hivyo ukiwa umekaa kwa sababu ukilala chali jicho huzunguka kidogo lenyewe, na alama iliyowekwa ukiwa umelala ingekuwa ya uongo. Anakuwa pia na mchoro uliotoka kwa watengenezaji, unaoonyesha azungushe lenzi digrii ngapi kutoka mstari wa mlalo, na haizidi 22.

Kila digrii 1 ya kukosea hupoteza takriban asilimia 3.3 ya marekebisho ya silinda. Digrii 10 zimekula theluthi. Digrii 30, ni kama hukurekebishwa, na zaidi ya hapo lenzi inaongeza tatizo. Dalili yake ni uoni unaobadilika ghafla: herufi zinavuta kivuli upande mmoja, jana ulikuwa sawa. Mara nyingi hutokea miezi ya mwanzo, kwa lenzi iliyo fupi kuliko nafasi yake, au baada ya jicho kugongwa au kusuguliwa kwa nguvu. Dawa yake ni kurudi chumba cha upasuaji na kuizungusha mahali pake. Ikizunguka tena na tena, basi saizi haikufaa na inabadilishwa. Usikubali kuandikiwa miwani ya astigmatizimu mpya kabla mtu hajapanua mboni na kuangalia mhimili wa lenzi uko wapi.

Na tuseme wazi kuhusu kusugua macho. Huku kwetu mzio wa macho umeenea sana kwa watoto na vijana, na kusugua kwa miaka huchangia konea kuchongoka, ugonjwa uitwao keratokonasi. Astigmatizimu inayopanda kila mwaka kwa kijana wa miaka 19 inaweza kuwa hiyo. Lenzi ya kupandikiza haizuii konea kuendelea kuchongoka. Konea ikazwe kwanza kwa tiba yake, ithibitike imetulia, halafu ndipo lenzi izungumzwe.

Presha, na chupa ya matone iliyobaki

Saa za kwanza baada ya upasuaji presha ya jicho inaweza kupanda kwa sababu ya ute uliotumika kulinda jicho na haukuoshwa wote. Ndiyo maana utapimwa kabla ya kuondoka na kesho yake asubuhi. Usiku wa kwanza ukipata maumivu makali ya jicho na kichwa, pamoja na kutapika, piga simu usiku huohuo.

Baadaye kuna hatari ya polepole. Kwenye ule utafiti wa Lausanne, asilimia 12.9 ya macho yalikuwa yanahitaji matone ya kushusha presha baada ya miaka 10. Presha inayopanda polepole haiumi. Inaua mshipa wa fahamu kimyakimya. Na hapa nina ombi la dhati: matone yenye steroidi, kama ya deksamethasoni, uliyopewa kwa wiki za mwanzo, ukimaliza yatupe. Dukani yanapatikana kirahisi, na mtu mwenye jicho jekundu hujinunulia tena na tena kwa sababu wekundu unapungua. Kwa baadhi ya watu matone hayo hupandisha presha vibaya, na yakitumiwa muda mrefu huleta mtoto wa jicho. Nimekutana na kijana aliyepoteza pembezoni mwa uoni wake kwa chupa za namna hiyo, na hakuwahi kupasuliwa kabisa.

Jicho limebaki refu

Lenzi haifupishi jicho. Ulikuwa na jicho la milimita 28, bado unalo. Retina yake imevutwa ikawa nyembamba kama puto lililojaa, na inaweza kuchanika au kubanduka ukiwa na miwani, bila miwani, na ukiwa na lenzi bora kuliko zote. Hatari hii ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu mtu anayeona vizuri hajihesabu tena kuwa na mainasi. Anajaza fomu, anaandika "macho: mazuri".

Kabla ya upasuaji mboni ipanuliwe na pembezoni mwa retina pachunguzwe pote. Penye tundu pazungushiwe leza kwanza. Baada ya hapo, kila mwaka, maisha yako yote. Ukiona vimulimuli kama radi pembeni, nzi weusi wengi walioibuka ghafla, au pazia linaloteremka upande mmoja, usisubiri Jumatatu. Retina iliyobanduka leo ina nafasi nzuri kuliko ya wiki ijayo.

Kabla hujalipa

Lenzi hizi hazimfai aliye chini ya miaka 21, wala ambaye namba zake bado zinabadilika. Linganisha miwani ya mwaka jana na ya mwaka huu, tofauti ya zaidi ya dayopta 0.5 inatosha kukuambia usubiri. Mjamzito na anayenyonyesha asubiri pia. Mwenye glakoma, uvimbe wa ndani ya jicho unaojirudia, au chemba ya mbele, yaani nafasi kati ya konea na lenzi ya asili, isiyo na kina cha kutosha (Marekani hudai angalau milimita 3.0) atafutiwe njia nyingine. Kama unavaa lenzi za juu ya jicho, ziache wiki moja au mbili kabla ya vipimo, na zile ngumu zaidi ya hapo, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea kwa muda.

Muulize daktari amewawekea wangapi, na wangapi amelazimika kuwabadilishia saizi. Muulize ikitokea lenzi yako haifai, nani atalipia ya pili. Lenzi ya astigmatizimu huagizwa kwa vipimo vyako, na kuisubiri huchukua wiki kadhaa; anayekwenda nje kwa siku saba apange hilo. Ulizia bima pia, ingawa mara nyingi huhesabu upasuaji huu kuwa wa hiari. Na mtafute, kabla hujapanda ndege, daktari wa nyumbani atakayekubali kukufuatilia ukirudi. Maambukizi makali ya ndani ya jicho ni nadra, takriban jicho 1 kati ya 6,000 kwa hesabu iliyofanywa kwa madaktari wengi, lakini yakitokea yanahitaji daktari ndani ya saa chache: jicho jekundu, maumivu, na uoni unaoshuka kwa pamoja.

Daftari

Nunua daftari gumu la kurasa 96. Piga picha ya kadi pande zote mbili, jitumie mwenyewe na mtumie ndugu mmoja, kisha nakili namba zake ukurasa wa pili. Kuanzia ukurasa wa tatu chora mistari: tarehe, uoni wa kila jicho, presha, mwanya, idadi ya seli, mhimili kama una astigmatizimu, na hali ya retina. Ziara za mwanzo huwa siku ya kwanza, wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Halafu mara moja kila mwaka. Mwambie daktari akutajie namba na wewe uandike hapohapo. Wengi hufurahi kuona mgonjwa anayeuliza.

Ukurasa wa kwanza uuache wazi kwa ajili ya vipimo vya kabla ya upasuaji: urefu wa jicho, mkunjo wa konea, kina cha chemba ya mbele, idadi ya seli. Viombe kwa maandishi kabla hujaondoka. Ukifika miaka 60 au 65 lenzi yako ya asili itafifia kama ya kila mtu, na daktari wa wakati huo ataitoa ICL kupitia mpasuo mdogo, na katika kikao hichohicho atatoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi nyingine mahali pake. Kwa kuwa konea yako haikuchongwa, hesabu ya lenzi hiyo ya mwisho itakuwa nyepesi kuliko ya aliyefanyiwa leza. Atakuomba ukurasa huo wa kwanza, umfungulie.